Jinsi ya kucheki rikoli na magonjwa ya RAV4 na Vanguard kabla hujalipa, au hata kama ushalipa

Watu wananitumia sana picha za RAV4 au Vanguard za Japani wanataka niwaambie kama ni nzuri, na maswali ni yale yale, imetembea kilomita ngapi, ina sanrufu, mpaka inatoka bandarini itanigharimu shilingi ngapi. Hajatokea bado aliyeanza kwa kuuliza kama hiyo gari ina rikoli ambayo haijafanyiwa kazi. Mie naona hilo ndio lilitakiwa liwe swali la kwanza kabisa, maana kilomita zinarudishwa nyuma, rangi inapigwa upya, ila namba ya chasisi ukiipata unaweza ukajua jambo ambalo hata muuzaji mwenyewe halijui.

Rikoli ni pale kiwanda kinapokubali kwamba kundi fulani la magari, yaliyotengenezwa kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, lina kasoro inayoweza kuumiza mtu, halafu kinawaita wenye magari wayapeleke yarekebishwe bure. Kule Japani mwenye gari anatumiwa barua nyumbani. Sasa gari ikishafutwa usajili kule ikapanda meli kuja Dar au Mombasa, barua haipandi meli. Inaenda kwa yule mzee wa Osaka aliyeiuza zamani, na wewe uliyeko Mbagala au Kisauni kiwanda hakina habari kama upo. Ukaguzi wa kabla ya meli nao usikudanganye, wale wanaangalia breki, taa, kutu, matairi, mpaka mionzi wanapima, lakini gari inaweza ikapita yote hayo na rikoli yake bado inaning'inia. Kwa hiyo kutafuta ni kazi yako wewe mwenye gari, na habari nzuri ni kwamba sehemu kubwa unaifanya na simu, tochi na jeki.

Hapa nitaongelea zaidi RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka Japani mwishoni mwa 2005, pamoja na ndugu yake Vanguard aliyekuja 2007, kwa sababu ndio zimejaa barabarani na ndio zinaendelea kuuzwa mkono kwa mkono. Zile nyingine nitazigusa njiani.

Anza na namba. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani haina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 kama gari za Ulaya au Marekani, yenyewe ina namba fupi, mfano ACA31, halafu kistari, halafu tarakimu saba. Hizo herufi za mwanzo zenyewe zinaongea. ACA31 ni RAV4 ya 2.4 inayovuta magurudumu manne, ACA36 ni ya mawili. Vanguard ya 2.4 utakuta ACA33 au ACA38, na ukiona GSA33 ujue hiyo ni V6 ya 3.5. Namba utaikuta kwenye kadi ya gari, kwenye cheti cha kufuta usajili kilichotoka Japani, na kwenye kibati kilichogongomelewa kwenye gari yenyewe. Zisome zote na zilingane. Kama unanunua mtandaoni na muuzaji ameficha tarakimu za mwisho, muombe azitoe kabla hujatuma hata senti, na akikataa achana nayo, gari zipo nyingi.

Ukishaipata, ingia kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, toyota.jp, utafute ukurasa wa rikoli. Umeandikwa Kijapani ila simu yako inaweza kuutafsiri, na hata isipotafsiri wewe tafuta haya maandishi: リコール, hiyo ndio rikoli yenyewe, na 車台番号, hiyo ndio namba ya chasisi. Utaweka ile ACA31 upande mmoja na zile tarakimu saba upande mwingine halafu unatafuta. Kwenye majibu kuna alama mbili za kukariri, 済 maana yake imeshafanyika, 未 maana yake bado. Piga picha ya skrini, usitegemee kukumbuka.

Wajapani wana ngazi tatu, na ukitafsiri kwa simu zinachanganyika kwa hiyo uzijue. Ya kwanza ni rikoli, hapo gari imevunja kanuni za usalama. Ya pili wanaiita hatua za maboresho, kanuni haijavunjwa ila hatari ipo. Ya tatu ni kampeni ya sevisi, hiyo mara nyingi ni ubora wa kitu na sio roho ya mtu. Mie mbili za kwanza nazichukulia sawasawa.

Kama gari yako haikutoka Japani, njia ni nyingine. RAV4 ya kizazi cha nne, ile ya kuanzia 2013, haikuuzwa Japani kabisa, kwa hiyo ukiikuta huku imetoka Uingereza, au Dubai, au ilinunuliwa mpya kwa wakala, na hiyo itakuwa na namba ya tarakimu 17. Iliyouzwa Marekani unaiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, ile mamlaka yao ya usalama barabarani, dakika moja tu jibu unalo. Ya Uingereza serikali yao ina ukurasa wa kuangalia rikoli kwa aina ya gari na mwaka. Usiingize namba ya Japani kwenye tovuti ya Marekani ikakwambia haitambui halafu ukafurahi kwamba gari ni safi. Haijasema ni safi, imesema haiijui.

Angalia na mwaka. Wauzaji wanaandika mwaka gari iliposajiliwa mara ya kwanza, wakati rikoli inahesabu tarehe ya kutengenezwa, na kati ya hizo mbili inaweza kupita miezi. Gari ya mwanzo wa 2009 kwenye kadi inaweza kuwa imetoka kiwandani 2008.

Sasa tuingie kwenye gari yenyewe. Nitaanza na kitu ambacho kinaniuma kuliko vyote kwa sababu kinawahusu watoto.

Februari 2016 Toyota walitangaza rikoli ya magari kama milioni 2.87 duniani kote, karibu yote RAV4, na kwa Japani Vanguard imo. Tatizo ni mikanda ya siti ya nyuma. Makalio ya siti yana fremu ya chuma, na ajali ya mbele ikiwa kubwa mkanda unavutwa kwa nguvu mpaka unagusa ile fremu na inaweza kuukata. Yani mtoto umemfunga vizuri, umefanya kila kitu sawa, na mkanda ukakatika pale pale ulipotakiwa kumshika. Dawa yake ni ndogo mno, kifuniko cha plastiki ngumu kinachovalishwa kwenye ile fremu ili mkanda usikutane na chuma. Ni hicho tu.

Kwa hiyo fungua mlango wa nyuma, pasisha mkono pale mkanda unapoingia kati ya makalio na mgongo wa siti, halafu mulika na tochi ukiwa umelala kidogo. Unatafuta kama ukingo wa chuma uko wazi au umevishwa plastiki. Kama ni chuma kitupu na tovuti imekuonyesha 未, hiyo gari haijafanyiwa. Usimwambie fundi akufungie kipande cha mpira au solteipu, kiagizwe kile kifuniko chenyewe kwa namba ya spea, wakala anaweza kukusomea namba kutoka kwenye chasisi yako. Na mpaka kifike, watoto wakae na viti vyao kama kawaida, mkanda wenye hatari hiyo bado ni bora mara elfu kuliko kukaa bila mkanda.

Hapo hapo niseme kitu kuhusu kava za siti. Huku tukishanunua gari tu tunakimbilia kuvalisha leza, na fundi wa kava anatoa siti nzima anaipeleka kwenye mashine yake, akirudisha unakuta klipu za mikanda zimezama chini hazionekani, na vile vipande vidogo vya plastiki alivyovitoa vimebaki sakafuni kwenye banda lake. Inawezekana gari yako ilifanyiwa rikoli Japani vizuri kabisa, ikaharibiwa Kinondoni na kava. Simama nae wakati anatoa, piga picha kila upande, na asiondoke mpaka virudi vyote.

Mkono wa nyuma. Hii ilitangazwa Marekani 2012, zaidi ya RAV4 laki saba za 2006 mpaka 2011, na mwaka uliofuata wakaziita tena kwa sababu baadhi hazikurekebishwa vizuri mara ya kwanza. Nyuma ya RAV4 hii kuna mkono wa chini unaotumika kurekebisha uelekeo wa tairi wakati wa kupiga alaimenti, una nati za kufungia. Kama aliyepiga alaimenti hakuzikaza sawasawa, mkono unaanza kucheza, maji na kutu vinaingia kwenye nyuzi, nyuzi zinaliwa, na mwisho wake mkono unaweza kuachia gari ikiwa kwenye mwendo. Angalia vizuri hapo utaona tatizo linazaliwa gereji baada ya gari kutoka kiwandani. Na sisi huku alaimenti tunapiga mara ngapi? Kila ukiingia kwenye shimo la maana unaenda kupiga alaimenti, kwenye banda la mtu ambaye spana ya kupimia nguvu ya kukaza hana, anakaza kwa mkono na uzoefu.

Kuicheki, paki kwenye sakafu ngumu, weka jiwe kubwa tairi za mbele, piga jeki nyuma upande mmoja na uweke stendi au hata gogo la uhakika chini, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi kulia na kushoto, mikono kwenye saa tatu na saa tisa, uisukume na kuivuta. Ikigonga au ikicheza, ingia na tochi uangalie mkono unaotoka katikati ya gari kwenda kwenye tairi, huo wenye nati za kurekebishia. Kutu nyekundu inayotoka kama unga kwenye nyuzi ni dalili mbaya. Nati inayozunguka kwa vidole, usiendeshe hiyo gari hata kwenda dukani. Dalili nyingine ya mapema ni tairi ya nyuma kuliwa upande wa ndani wakati nje bado ina maua yote, au gari kuyumba nyuma ukiwa spidi na upepo hamna. Mkono mpya unapatikana Gerezani pale Kariakoo na kwa Nairobi Kirinyaga Road, ila nunua wenye ubora na funga zote mbili, kulia na kushoto. Ukimaliza alaimenti, chora mstari wa rangi nyeupe unaovuka nati na mkono, siku nati ikisogea, ule mstari utakatika na utaona bila hata kugusa.

Swichi ya vioo upande wa dereva. Oktoba 2012 Toyota waliita magari milioni 7.43 duniani kwa ajili ya hii swichi, RAV4 ikiwemo pamoja na Vitz na Corolla na wengine wengi, na Oktoba 2015 wakaita tena milioni 6.5 kwa swichi hiyo hiyo ya pawa windo. Kiwandani grisi haikupakwa sawa, kwa hiyo swichi inaanza kukwama kwama ukiibonyeza, inakuwa nzito, inasaga. Mpaka hapo ni usumbufu tu. Hatari inaingia mtu anapoamua kuipulizia mafuta ya dukani, zile kopo za kulainisha bawaba na kufungua nati zilizoshika. Yale mafuta kwenye ile swichi yanaweza kufanya iyeyuke, itoe moshi, na iwake. Sijui kama kuna gereji yoyote mjini isiyokuwa na ile kopo, na swichi ikikwama kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kupuliza. Mzuie. Kama swichi yako inasaga au umeshasikia harufu ya plastiki inaungua mlangoni, badilisha swichi nzima, sio gharama ya kulilia, na kama harufu imekuja ukiwa njiani simama, zima gari, shuka kwanza ndio uulize.

Betri sasa. Novemba 2023 Toyota waliita RAV4 kama milioni 1.85 Marekani, za 2013 mpaka 2018, na sababu yake ukiisoma utadhani wamekuja kutembea Tandika. Betri za kubadilishia hazilingani ukubwa wa juu, ukiweka yenye ukubwa mdogo wa juu na kile chuma cha kuishikilia kisipokazwa vizuri, betri inatembea ukikata kona kwa nguvu, kichwa cha chanya kinagusa kile chuma, inapiga shoti, gari inawaka moto. Rikoli ni ya kizazi cha nne ila fizikia ni ya gari zote.

Mwaka juzi nilienda kuangalia gari ya rafiki yangu iliyokuwa inazima taa zote ukipita kwenye tuta. Nikafungua boneti. Betri iliyokuwemo ilikuwa ndogo kuliko sahani yake, pembeni imebaki nafasi ya kuingiza vidole vinne, na kile chuma cha juu hakipo kabisa, imefungwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kichwa cha chanya kilikuwa na mikwaruzo inayong'aa, na juu yake ukutani kuna alama nyeusi, ndogo kama punje ya mahindi, pale ilipokuwa inagusa. Aliyemfungia alimwambia betri ni ile ile tu tofauti ni kampuni. Sio ile ile. Soma herufi za betri, ile ya D23 herufi D ndio kundi la upana, milimita kama 173, na 23 ni urefu wa sentimita. Ya kundi B24, ambayo wengi tunaiita NS60, ina upana wa milimita kama 129 tu. Hapo umepoteza zaidi ya sentimita nne, ndio ile nafasi iliyobaki pembeni.

Kucheki ni sekunde tano, shika betri kwa mikono miwili uisukume mbele nyuma na pembeni. Ikisogea hata kidogo, kaza au rudisha chuma chake. Vichwa viwe na vile vifuniko vyake vya plastiki, hasa chanya. Ukienda kununua nyingine nenda na herufi za betri ya zamani zimeandikwa, usiende na jina la gari.

Eabegi za Takata. Hii kwa kizazi cha tatu sio habari kubwa, ila kama una ile RAV4 ya kizazi cha pili, ya 2000 mpaka 2005, zile za miaka ya mwisho zimo, na kama una jirani mwenye Honda CR-V au X-Trail ya zamani mwambie, nazo zimo. Ndio rikoli kubwa kuliko zote kwenye historia ya magari, vifyatulio zaidi ya milioni 100 duniani, na kampuni yenyewe ya Takata ilifilisika Juni 2017. Ndani ya eabegi kuna kopo la chuma lenye kemikali ya ammonium nitrate inayolipuka kujaza mfuko. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu inabadilika, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia usoni na shingoni mtu aliyekaa nyuma ya usukani. Watu wamekufa kwenye ajali ambazo walitakiwa watoke wakitembea. Marekani walitanguliza magari ya Florida, Texas, Hawaii na Puerto Rico, sehemu za joto na unyevu. Sasa fikiria Tanga, Zanzibar, Mombasa, Dar, gari inalala nje miaka kumi, mchana dashibodi huwezi kuigusa, usiku umande. Sisi ndio wale wale.

Hapa kucheki kwa macho hakuna, ni namba ya chasisi tu. Na nakuomba, usinunue eabegi ya mtumba. Ukiinunua kwenye gari iliyokatwa inaweza kuwa ndio hiyo hiyo iliyoitwa, na hakuna fundi anayeweza kuijua kwa kuishika. Wala usikubali fundi aitoe waya ili taa ya eabegi izime, au afunge kipande cha kudanganya kompyuta. Ile taa ikiwaka ukiwa unaendesha inasema mfumo umezima, na ukinunua gari, ukiwasha swichi bila kuwasha injini taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa balbu au ameiunganisha na taa nyingine, uliza kwa nini.

Hizo ndio za usalama. Kuna magonjwa mengine ambayo hayakuitwa rikoli ila yanajulikana, na haya ndio yanamaliza mifuko ya watu.

La kwanza ni injini ya 2.4, 2AZ-FE, kula oili. Ringi za pistoni zinashika kaboni, oili inapanda juu inaungua. Toyota Marekani waliongeza waranti kwa magari yenye injini hii, RAV4 za 2006 mpaka 2008 zikiwemo, na kipimo chao kilikuwa karibu lita moja kwa kila maili 1,200, yani kama kilomita 1,900. Ikizidi hapo wanabadilisha pistoni na ringi. Wewe jipime mwenyewe, asubuhi gari ikiwa imepoa kwenye sehemu tambarare, jaza oili mpaka alama ya juu kwenye kijiti, andika kilomita, ukifika 1,000 pima tena asubuhi. Ikiwa imeshuka nusu ya kijiti au zaidi injini inakula. Usisubiri taa ya oili, ile inawaka presha ikishaanguka na wakati huo beringi zimeshaanza kusaga. Kwa muuzaji, muombe aiache ikiunguruma dakika tano halafu mtu akukanyagie mafuta ghafla wewe ukiwa umesimama nyuma, moshi wa bluu unaotoka kwa mkupuo ndio jibu. Inayokula kidogo unaweza kuishi nayo kwa kupima oili kila ukijaza mafuta, inayokula sana ipunguzie bei ya kufungua injini au iache.

Injini hizi za mwanzoni zina na tabia ya nyuzi za bolti za hedi kuachia kwenye bloku upande wa nyuma, maji yanapungua na huoni yanapovujia. Ukiona rejeta inaongezwa maji kila wiki usikubali kuambiwa ni joto la Dar.

Kwenye V6 ya Vanguard, tafuta bomba dogo la oili la VVT-i, ule mfumo unaopanga muda wa vali kufunguka, upande wa mkanda wa injini. Za mwanzo zilikuwa na kipande cha mpira katikati, mpira ukichoka unapasuka na oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache, injini kwaheri. Toyota walitoa bomba la chuma tupu kuchukua nafasi yake. Ukiona mpira, badilisha wiki hiyo hiyo.

Gia za ile ya 2.4 ya Japani ni CVT, yani otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua. Mafuta yake ni ya CVT, sio ATF ya kopo jekundu, ile ya otomatiki za kawaida, na aliyechanganya hajui alichofanya mpaka gari ianze kuvuta kwa kigugumizi na kupiga mluzi kwenye mlima wa Kitonga. Kabla ya kumwaga muulize fundi anaweka nini, na akikujibu zote ni sawa, funga boneti uondoke. Mgongano kwenye usukani ukikata kona taratibu mara nyingi ni shafti ya kati, inakera ila haiui.

Kwa wenye kununua mpya mpya, RAV4 ilirudi Japani 2019, na Kenya ambako gari iliyozidi miaka 8 haiingii ndio wengi wanaanza kuziagiza. Hizi cheki rikoli ya pampu ya mafuta ya Denso, propela yake ya plastiki inavimba, injini inazima ukiwa njiani. Iliyo na haibridi ya magurudumu manne, ingia chini uangalie kebo nene ya rangi ya chungwa inayoenda kwenye mota ya nyuma, kiungio chake kinaliwa na kutu kikipata maji na chumvi. Aliyekaa ufukweni asome hiyo mara mbili.

Ukishajua gari yako ina rikoli ambayo haijafanyika, nenda kwa wakala wa Toyota wa nchi yako na karatasi ya namba ya chasisi na ile picha ya skrini. Usimuulize "mnafanya rikoli?" maana utajibiwa lolote. Uliza kama hiyo chasisi wanaiona kwenye mfumo wao, kama spea ya hiyo rikoli wanayo au wataagiza kwa muda gani, na kama ni bure au utalipa, kisha muombe akujibu kwa barua pepe. Wakisema utalipa, bado lipa kwa mkanda wa siti na mkono wa nyuma, kwingine unaweza kujipanga. Wakisema hawaioni, chukua namba za spea uagize mwenyewe.

Ikishafanyika, dai risiti yenye namba ya chasisi, sio "sevisi" tu na jumla ya pesa. Weka kopi pamoja na kadi ya gari. Kwenye yangu nimeandika na kalamu ya maka ndani ya kifuniko cha droo ya dashibodi, mkono wa nyuma kulia na kushoto, kifuniko cha mkanda, betri D23, kila kimoja na tarehe na kilomita zake, ili siku nikiiuza huyo anayekuja ayakute pale pale akifungua.